Nyigu wa Paraguay katika Shamba la Muhogo

Likitajwa neno la mataifa kusaidiana kupigana na njaa, wengi wetu huona gunia mara moja mbele ya macho yetu. Ni gunia lenye maandishi ya kigeni, lililoshushwa melini Mombasa, likapakiwa katika lori na kupelekwa kwa watu ambao mvua imewanyima mavuno. Gunia hilo si la kudharauliwa, maana mwenye njaa leo hawezi kuambiwa angoje mavuno ya mwakani. Walakini gunia likiisha limekwisha. Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya msaada wa namna nyingine, ambao haukuja katika gunia wala hauonekani kwa urahisi, kwa kuwa urefu wake hauzidi milimita mbili. Msaada huo ni mdudu.

Kwanza tuangalie habari za muhogo wenyewe. Muhogo si mzaliwa wa Afrika, ingawa wako wazee watakaobisha sana wakiambiwa hivyo. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta katika pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16, ukaenea bara polepole, na baadaye ukafika na kwetu. Pwani ya Kenya watu huupika kwa nazi. Upande wa Busia hukaushwa, ukachanganywa na mtama au wimbi, ukasagwa kuwa unga wa ugali. Serikali za kikoloni ziliwaagiza watu wa sehemu nyingi waulime kuwa akiba ya njaa, kwa sababu nzige hawali mzizi ulio chini ya ardhi, na jua linapokausha mahindi muhogo hustahimili. Mwenye shamba la muhogo ana ghala ambalo halihitaji kufuli wala bati, naye hulifungua siku anayotaka.

Sasa fikirini jambo hili. Mmea huu ulipovuka bahari, wengi wa maadui zake walibaki huko ulikotoka. Kwa muda wa miaka mia nne hivi muhogo ulikaa Afrika kama mtu aliyehamia mbali na wadeni wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdeni mmoja akabisha hodi. Kandokando ya mto Kongo, karibu na miji ya Kinshasa na Brazzaville, wakulima waliona ncha za mihogo yao zimejikunja na kudumaa, nazo zimefunikwa na kitu cheupe kama unga. Walipotazama vizuri wakaona ya kwamba unga ule unatembea. Walikuwa vidudu wadogo wafyonzao utomvu, ambao hapa nitawaita vidudu-unga. Yumkini waliletwa na mtu aliyebeba vipande vichache vya miti ya muhogo kutoka ng'ambo pasipo kuvikagua, nia yake ikiwa njema.

Kidudu-unga huyu ana tabia ya ajabu: wote ni majike, na kila mmoja hutaga mayai mia kadhaa bila kuhitaji dume. Upepo huwachukua kutoka shamba hata shamba, na wakulima huwachukua kutoka wilaya hata wilaya katika vipande vya kupandia. Wakati wa kiangazi huongezeka upesi mno. Katika mashamba mengine robo tatu ya mavuno, na pengine zaidi, ilipotea. Kisamvu nacho, kilicho kitoweo cha kila siku kwa watu wa Kongo, kiliharibika. Lililo baya kupita yote ni kwamba miti ya kupandia msimu uliofuata ilikuwa imeharibika pia, hata mkulima akakosa chakula cha mwaka huu na mbegu ya mwaka ujao kwa pigo moja. Katika miaka hiyo watu wa Afrika wapatao milioni 200 walitegemea muhogo kwa chakula chao, na kidudu-unga alikuwa akisafiri kutoka nchi moja hata nyingine, magharibi na mashariki.

Wako waliosema dawa ya sumu inyunyizwe. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kujumlisha. Basi na tujumlishe. Mkulima wa muhogo kwa kawaida ana robo eka au nusu eka. Hana bomba la kupulizia, na fedha ya dawa hana. Hata akiipata, vidudu-unga hujificha ndani ya majani yaliyojikunja, ambamo dawa haifiki vema, na juma chache baadaye upepo humletea wengine kutoka kwa jirani. Tena majani yale yale yaliyopuliziwa ndiyo yatakayotiwa chunguni. Hesabu ya namna hiyo haikubali.

Katika mji wa Ibadan, Nigeria, kuna Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, iliyoanzishwa mwaka wa 1967. Mwaka wa 1979 alifika huko kijana mmoja wa Uswisi, jina lake Hans Rudolf Herren, mtaalamu wa wadudu. Shauri lake halikuwa geni kwa wataalamu, bali halijapata kutumika kwa upana kama ule. Alisema hivi: huko Amerika kidudu-unga huyu haletei watu njaa, hata jina lake lilikuwa halijulikani huko. Kwa nini? Bila shaka kwa sababu huko yuko anayemla. Basi na atafutwe huyo amlaye, aletwe.

Kusema ni rahisi. Bara la Amerika ni kubwa, na kumtafuta mdudu ambaye hasumbui mtu ni kazi ngumu kuliko kumtafuta anayesumbua, maana hakuna mkulima atakayekupeleka shambani kwake akuonyeshe. Wataalamu walipekua kutoka California na Mexico wakishuka kuelekea kusini. Upande wa kaskazini wa Amerika ya Kusini walimpata kidudu-unga wa muhogo, wakafurahi; lakini adui zake walipojaribiwa kwa kidudu-unga wa Afrika walimkataa. Ikatambulikana ya kwamba wale walikuwa ndugu tu, wamefanana sura lakini si wamoja. Miezi mingi ya kazi ikawa imekwenda bure. Hata mwaka wa 1981, mtaalamu Anthony Bellotti, wa taasisi nyingine ya kimataifa iliyo Cali katika nchi ya Colombia, alimkuta kidudu-unga yule hasa katika nchi ya Paraguay. Pamoja naye walikuwako adui zake, na miongoni mwao nyigu mmoja mdogo sana ambaye wataalamu humwita lopezi.

Nyigu huyu haumi watu. Jike lake hutafuta kidudu-unga, humchoma, na kutia yai moja ndani ya mwili wake. Yai likianguliwa, mtoto humla kidudu kutoka ndani hata akabaki ganda, kisha hutoboa tundu na kuruka kwenda kutafuta kazi. Hana chakula kingine katika shamba isipokuwa vidudu-unga.

Hapa wasomaji wa pande za Nyanza watauliza swali, nao wana haki. Miaka ya 1950 samaki sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, alitiwa katika Ziwa Victoria, naye akawala samaki wadogo wa asili hata aina nyingi zikatoweka. Ni kweli ameleta biashara kubwa, lakini samaki waliokwisha kutoweka hawatarudi. Je, nyigu wa kigeni asingeweza kufanya vivyo hivyo? Tofauti ni hii: sangara ni mlafi asiyechagua, na nyigu huyu huchagua sana. Hata hivyo hakuaminiwa kwa maneno. Alipelekwa kwanza Uingereza akawekwa karantini, akatazamwa kama amebeba ugonjwa au wadudu wengine, ndipo akapelekwa Ibadan. Napenda taratibu hizi, ingawa watu huzicheka na kuziita urasimu. Kidudu-unga hakupitia karantini yoyote alipokuja, na matokeo yake tumeyaona.

Nyigu wa kwanza waliachiliwa Nigeria mwaka ule ule wa 1981. Wakashika. Wakazaana, wakaenda wenyewe kutoka shamba hata shamba wakimfuata windo wao. Palipokuwa mbali, walipelekwa kwa gari, na mahali pengine waliachiliwa kutoka katika ndege ndogo. Vijana wa nchi nyingi walifundishwa kuwafuga na kuwahesabu, na mwaka wa 1988 kituo kikubwa cha kazi hiyo kikafunguliwa katika nchi ya Benin. Kufikia miaka ya 1990 nyigu wa Paraguay alikuwa amekaa katika nchi zaidi ya 20 za Afrika, katika eneo lipitalo kilomita za mraba milioni 2, na katika sehemu nyingi kidudu-unga alikuwa amekuwa mdudu mdogo tu asiyezungumzwa sokoni. Mwaka wa 1988 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Richard Norgaard, alipiga hesabu akaona ya kwamba kila dola 1 iliyotumika ingeleta faida ya dola 149. Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka wa 1995.

Ni nani aliyelipa? Hili ni jambo la kufikiriwa sana na watu wasemao ya kwamba biashara peke yake italisha dunia. Chupa ya dawa ina mwenye kuiuza, naye ataitangaza redioni. Nyigu hana mwenye kumwuza. Ukimnunua leo, kesho yuko kwa jirani yako ambaye hakutoa hata senti moja. Kesho kutwa amevuka mpaka bila pasipoti. Hakuna mfanyabiashara atakayeweka fedha katika mali ya namna hiyo, wala simlaumu. Hakuna nchi moja tena itakayoweza kulipa peke yake, ikijua ya kwamba jirani zake watafaidi. Ndiyo maana mataifa yalilazimika kuchanga. Mwaka wa 1974 ulifanyika Roma mkutano mkuu wa chakula wa dunia, na tunda lake mojawapo lilikuwa Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, ulioanza mwaka wa 1977. Mfuko huo, pamoja na serikali kadhaa za Ulaya, ndio uliobeba gharama ya nyigu. Tunaposoma ya kwamba mabwana wakubwa wamekutana Roma na kula chakula kizuri wakizungumza njaa, huwa tunatabasamu. Mara nyingine tabasamu hilo ni haki. Mara hii halikuwa.

Lakini sijafika bado katika jambo ambalo limenifanya nishike kalamu. Baada ya miaka kadhaa wataalamu waliona ya kwamba katika mashamba machache nyigu yupo, lakini vidudu-unga bado ni wengi. Mashamba hayo hayakuwa mbali na mengine, wala hali ya hewa haikuwa tofauti. Walipochunguza wakaona ya kwamba yote yalikuwa katika udongo wa kichanga uliochoka, usiofunikwa na kitu. Kulikoni?

Nyigu jike, kabla ya kutaga, hupima ukubwa wa kidudu-unga. Akimwona mkubwa na mnene, hutaga yai la jike. Akimwona mdogo, hutaga yai la dume, kwa kuwa dume ni mdogo naye hutosheka na chakula kichache. Sasa muhogo uliopandwa katika udongo mkavu usio na rutuba ni dhaifu. Vidudu-unga waufyonzao nao hubaki wadogo. Basi nyigu wanaozaliwa hapo huwa madume wengi na majike wachache, na dume hatagi. Jeshi zima limejaa watu wasioweza kupigana. Lakini pale wakulima walipotandaza majani makavu juu ya udongo na kuurudishia nguvu, muhogo ulinenepa, vidudu-unga wakawa wakubwa, nyigu majike wakazaliwa kwa wingi, na vidudu-unga wakashuka.

Tazameni umbali uliopitiwa. Mdudu alitafutwa katika bara zima, akavushwa bahari mara mbili, akalipiwa na serikali nyingi, akamwagwa kutoka angani. Na mwisho wa yote kazi yake ilisimama au ilianguka kwa jambo ambalo Bwana Shamba amekuwa akiliimba tangu enzi za baba zetu, yaani matandazo na samadi. Mataifa yaliweza kumfikisha nyigu mpaka ukingoni mwa shamba. Kutoka hapo aliyebaki na neno ni mwenye jembe.

Herren mwenyewe alihamia Nairobi mwaka wa 1994, akawa mkuu wa kituo cha kimataifa cha elimu ya wadudu, ambacho mwananchi wetu Thomas Odhiambo alikianzisha mwaka wa 1970. Aliongoza hapo hata mwaka wa 2005. Katika kituo hicho, na hasa katika tawi lake la Mbita kando ya Ziwa Victoria, Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na John Pickett wa Rothamsted katika Uingereza, walitengeneza ile namna ya kulima iitwayo sukuma-vuta. Wasomaji wengi wa magharibi wanaijua, kwa hiyo sitaieleza kwa urefu. Katikati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake humfukuza nondo wa funza wa mabua. Kandokando ya shamba hupandwa nepia, ambayo humvuta, kisha utomvu wake wa kunata huwaua funza wengi. Mizizi ya desmodiamu hulidanganya gugu la kiduha, ambalo Wajaluo huliita kayongo, mbegu yake ikachipuka na kufa pasipo kupata mhindi wa kunyonya. Tena huutia udongo naitrojeni, na ng'ombe huila. Viwavi jeshi vamizi kutoka Amerika walipoonekana Afrika mwaka wa 2016 na kuingia Kenya mwaka wa 2017, mashamba ya sukuma-vuta yalikuwa na viwavi wachache sana kuliko mashamba ya mahindi matupu.

Mbona basi haijajaa kila shamba? Kwa maoni yangu wataalamu hulipitia swali hili kwa haraka. Desmodiamu hukua polepole mwanzoni, na msimu wa kwanza huhitaji palizi ya uangalifu mwingi, kazi ambayo katika nyumba nyingi humwangukia mama. Mbegu yake si rahisi kupatikana katika kila duka. Nepia nayo imepata ugonjwa wake wa kudumaa. Zaidi ya hayo, desmodiamu ni mmea wa miaka mingi, na mtu aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hawezi kupanda kitu ambacho faida yake itavunwa na mwingine. Hapo si elimu ya wadudu inayotakiwa, bali mapatano mazuri ya kukodi ardhi, yaliyoandikwa, ya miaka mitatu au minne. Makarani wenzangu wenye mashamba nyumbani ambayo huwakodisha watu, neno hili linatuhusu.

Mwaka wa 2015 mataifa yaliagana kuikomesha njaa ifikapo mwaka wa 2030. Kwa hesabu za mashirika ya Umoja wa Mataifa, mwaka wa 2024 watu wapatao milioni 673 duniani walikuwa na njaa, na kati yao milioni 307 walikuwa wa Afrika. Vita, bei na ukame ni sababu kubwa, na nyigu hawezi kupatanisha majemadari. Lakini iko njaa nyingine ambayo huanza katika ncha ya jani, na njaa hiyo yaweza kuzuiwa. Mwaka wa 2008 kidudu-unga alionekana Thailand, nchi iuzayo muhogo mwingi ng'ambo. Waliomwokoa ni nyigu waliopelekwa kutoka Benin mwaka wa 2009. Kwa hiyo safari ile Afrika ndiyo iliyokuwa mtoaji, na sikumbuki kuona gazeti lililoandika habari hiyo kwa herufi kubwa.

Kwa mkulima wa muhogo asomaye ukurasa huu, mambo machache. Vipande vya kupandia vichukuliwe katika shamba safi, wala visibebwe kutoka mbali kwa sababu tu shemeji amevisifu; magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia husafiri kwa njia hiyo hiyo. Ukiona ncha ya muhogo imejikunja na ina unga, usikimbilie bomba la dawa, maana sumu humwua nyigu kabla haijamwua kidudu. Ifunue ncha hiyo mahali penye mwanga, utazame vidudu mmoja mmoja. Walio weupe na laini ni wazima. Walio rangi ya kahawia, wagumu, waliovimba kidogo, ndani yao yumo mtoto wa nyigu. Na ukiona ganda lenye tundu dogo la duara, nyigu amekwisha kutoka, yumo shambani.